Shira kwanza: kashata, visheti, kaimati na ubuyu kama tulivyokula Ngamiani

Mtoto aliyekulia Ngamiani, pale Tanga mjini, aliujua ubuyu tangu kwenye karatasi yake. Ulifungwa kwa ukurasa wa daftari uliokunjwa mfano wa pembe, na ukishaumung'unya wote unabaki na ulimi mwekundu, vidole vyekundu, na hesabu za mwanafunzi usiyemjua mkononi. Jioni wakubwa walikaa barazani na kahawa chungu, na sisi tulizunguka tukingoja mmoja wao amege kipande cha kashata atupe. Kaimati zilikuwa za Ramadhani. Visheti vilikaangwa Idi ikikaribia, karai baada ya karai, watoto tukifukuzwa jikoni na kurudi.

Nimepika vitu hivi kwa miaka mingi, na nimewaelekeza wengi: wadogo zangu, mawifi, majirani waliohamia kutoka bara. Karibu wote hukwama pale pale. Unga wanaupima sawasawa, nazi wanaikuna vizuri, kisha mapishi waliyopewa yanasema "chemsha shira hadi iwe nzito", basi. Nzito kiasi gani? Shira ya kaimati ni nzito, ya visheti nzito, ya kashata nzito, lakini ukipika mojawapo kwa shira ya mwenzake umeharibu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sukari na maji, na nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine. Ukiijua shira, yaliyobaki ni mepesi.

Vyombo

Tafuta sufuria nene, si ile nyepesi inayoungua katikati na kuwa baridi pembeni. Mwiko wa mti wenye mpini mrefu. Sinia pana la kumwagia. Bakuli la maji baridi kando ya jiko, kwa kupimia shira na pia kwa usalama. Kikombe ninachotumia humu ni cha robo lita; kikijaa sukari ni kama gramu 200. Kama una kipimajoto cha jikoni, vizuri, lakini bibi hakuwa nacho na shira yake haikumwangusha.

Neno moja la kutilia mkazo: shira ina joto kuliko maji yanayochemka, tena inanata. Ikikudondokea haitiririki ikaondoka, inakaa pale pale ikiendelea kuunguza. Watoto wakae mbali. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala samli.

Shira inavyokwenda

Weka sukari vikombe 2 na maji kikombe 1 kwenye sufuria. Koroga kwenye moto mdogo mpaka usisikie tena mkwaruzo wa sukari chini. Hapo toa mwiko, na usiurudishe. Hili ndilo watu hawaliamini: sukari ikishayeyuka, kukoroga ni kuialika irudi kuwa chembe. Chembe moja iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikidondoka ndani, inazivuta nyingine, na baada ya dakika chache una uji wa mchanga. Ukiona chembe zimeng'ang'ania pembeni, funika kwa kawa dakika mbili; mvuke utaziosha zenyewe.

Sasa maji yanapungua na joto linapanda, na shira inapita vituo. Kila kitu cha utotoni kina kituo chake.

Kwanza, kama nyuzi joto 105 za Selsiasi, shira inanata kidoleni lakini uzi wake ni mfupi, unakatika ukitenganisha dole gumba na cha shahada. Hii ni ya kaimati. Ikifika 110 hadi 112, uzi unavutika mrefu bila kukatika haraka. Huu ndio "uzi mmoja" waliokuwa wakiusema wakubwa, na ndipo nazi ya kashata inapoingia. Kati ya 113 na 116, ukidondosha tone kwenye maji baridi linakaa chini, na ukiliokota linakuwa kidonge laini kinachobonyea. Hiyo ni ya visheti. Ukiiacha iendelee, kidonge kinakuwa kigumu karibu na 125, na ikifika 150 tone linalia kwenye maji na kukatika kama kioo. Baada ya hapo inaanza kugeuka rangi, dhahabu kisha kahawia, karibu 160 na kuendelea: kashata za karanga. Ukichelewa kidogo tu, uchungu.

Ukipima kwa vidole, chota kidogo kwa kijiko, acha ipoe kwa kuhesabu hadi ishirini, ndipo uguse. Usichovye kidole sufuriani.

Wa Lushoto wasinilaumu: huko juu, kwenye mita kama 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na vituo vyote vinashuka kwa kiasi hicho hicho. Dada yangu aliyeolewa huko aliunguza shira mara tatu kwa kufuata namba zangu za Tanga. Dawa yake ni kuchemsha maji matupu kwanza, kusoma kipimajoto kinasema ngapi, kisha kupunguza tofauti ile kwenye kila namba. Kipimo cha bakuli la maji baridi hakina shida hiyo. Kinafanya kazi Raskazone, ufukweni Tanga, na kinafanya kazi Lushoto.

Kitu cha mwisho kuhusu shira ni ndimu. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Tindikali ya ndimu, pamoja na joto, inazitenganisha baadhi, na mchanganyiko huo haugandi kwa urahisi kama sukari tupu. Kwa hiyo unapotaka shira ibaki majimaji inayong'aa, kama ya kaimati, unakamulia ndimu. Unapotaka igande iwe nyeupe na kavu, kama kwenye visheti, ndimu isikaribie. Nilihangaika miaka na visheti vyangu vinavyonata kama gundi, na sababu ilikuwa hiyo tu: nilikuwa nikiweka ndimu kila mahali kwa mazoea.

Kashata za nazi

Nazi iwe kavu, si koroma. Koroma nyama yake ni laini na ina maji mengi, utakoroga mpaka mkono ufe. Tikisa usikie maji yanacheza ndani, na tazama yale macho matatu: yakiwa na ukungu au unyevu, rudisha. Zinazotoka Pangani ndizo ninazozipenda, nene nyama, na pale soko la Mgandini muuzaji ukimwambia ni za kashata atakuchagulia.

Ikune kwa mbuzi, taratibu, na usifike kwenye ngozi ya kahawia karibu na kifuu; ndiyo inayoleta madoa na ukakasi. Nazi moja kubwa inatoa kama vikombe 2. Usiikamue tui. Wapo wanaotumia chicha ili tui liende kwenye wali, na naelewa, nazi si bure. Lakini kashata ya chicha ni kama kutafuna makumbi yenye sukari. Mafuta ya nazi ndiyo yanayofanya ile ladha ibaki mdomoni baada ya sukari kwisha. Kama lazima uchague, pika kashata chache.

Utahitaji nazi iliyokunwa vikombe 3, sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, iliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, na chumvi kidogo sana, ya kubana kwa vidole viwili. Iliki nunua nzima, ya Amani huko Usambara ukiipata, uitwange mwenyewe siku hiyo. Ya unga iliyokaa dukani imeshakufa.

1. Paka sinia mafuta au samli kabla hujawasha jiko. Baadaye hutapata nafasi.

2. Pika shira hadi uzi mmoja, bila kukoroga baada ya sukari kuyeyuka.

3. Tia nazi yote na chumvi. Shira itatulia ghafla na kuwa nyepesi, maana nazi imeleta maji yake. Usiogope na usiongeze sukari.

4. Sasa ndiyo ukoroge, moto wa wastani, bila kuacha. Sheria ya mwanzo imegeuka: hapa tunataka sukari igande, lakini igande ndani ya nazi. Dakika 10 hadi 15. Kama ni jiko la mkaa, punguza makaa yakizidi. Moto mkali unaunguza chini wakati juu bado mbichi.

5. Sikiliza. Mwanzoni inachemka kwa sauti ya majimaji, kisha sauti inakuwa nzito, kisha karibu inanyamaza. Mvuke unapungua. Mwiko ukipita unaacha njia, na chini ya sufuria inaonekana. Ukingoni utaona utando mweupe wa sukari. Huo utando ndio ishara niliyofundishwa na bibi, na mpaka leo naiamini kuliko saa.

6. Tia iliki, koroga mara tatu nne, mwaga sinia hapo hapo.

7. Kandamiza kwa kitako cha kikombe kilichopakwa mafuta, unene kama sentimita moja na nusu. Ngoja dakika tano, kisha chora kwa kisu mistari ya kukata vipande vya pembe nne vilivyolala upande. Kata mpaka chini ingali vuguvugu. Ikipoa kabisa hukati, unavunja.

Ukitaka nusu iwe ya waridi kama zile za kabati la vioo dukani, gawa mwishoni na utie tone la rangi kwenye sehemu moja, kisha ilaze juu ya nyeupe.

Zikigoma kuganda, hazikuiva: rudisha sufuriani na endelea kukoroga. Zikimomonyoka kama mchanga, zimepita: rudisha na vijiko vitatu vya maji, moto mdogo, zitalainika na utaanza tena hatua ya tano. Kashata hazitupwi. Zinakaa siku nne tano kwenye kopo lililofungwa, si zaidi, kwani nazi mbichi inachacha. Wakati wa masika zinalowa haraka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Kaskazi ikivuma unaweza kuzianika kidogo zikakauka vizuri.

Za karanga ni za haraka na zinahitaji ujasiri. Kaanga karanga vikombe 2, zimenye, zipepete, ziwe na joto. Yeyusha sukari kikombe 1 na maji robo kikombe mpaka rangi ya dhahabu ya chai ya rangi, tupa karanga ndani, geuza mara mbili tatu, mwaga sinia, tandaza, kata. Yote hiyo chini ya dakika mbili tangu rangi igeuke. Simu iwe chumba kingine.

Visheti

Unga wa ngano nusu kilo, samli vijiko 4 vya chakula, chumvi kidogo, tui zito la vuguvugu kama kikombe 1. Chukua unga na samli uvisugue kwa viganja mpaka ukifumba ngumi unga unashikana na kubaki na alama za vidole. Hapo ndipo visheti vinapopata kule kuvunjika mdomoni. Ukiruka utapata mawe. Ongeza tui kidogo kidogo, kanda kiasi tu cha kushikana, donge liwe gumu kidogo kuliko la chapati. Funika nusu saa.

Watu wana maumbo yao. Nyumbani kwetu tulisokota kamba nene kama kidole na kukata vipande vya sentimita mbili kwa mshazari. Shangazi zangu walikibonyeza kidonge kidogo juu ya kitana safi au mgongo wa paruzi na kukiviringisha kwa dole gumba mpaka kiwe kama kombe la pwani lenye mistari. Mistari si ya urembo peke yake, inashika shira. Kama una watoto wakubwa nyumbani, hii ndiyo kazi yao, na ndiyo watakayoikumbuka.

Kaanga kwa mafuta ya moto wa wastani, taratibu, dakika nane hadi kumi, ukigeuza. Mafuta yakiwa ya moto sana vinapata rangi nje na kubaki unga ndani. Vichuje, vipoe kabisa.

Shira: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki, bila ndimu. Pika hadi kidonge laini. Weka visheti kwenye sufuria pana au karai, mwagia shira yote, na anza kugeuza kwa miko miwili kutoka chini kwenda juu. Mwanzoni vinang'aa na kunata, na utadhani umekosea. Endelea. Baada ya dakika nne tano shira inaanza kufifia, inakuwa kama ukungu, kisha ghafla inapauka yote na visheti vinaanza kugongana kwa sauti kavu. Wakati huo ndio mzuri kuliko wote jikoni, kwangu mimi. Mwaga kwenye sinia, tenganisha vilivyoshikana. Kwenye kopo kavu vinakaa wiki mbili na zaidi, ndiyo maana vilipikwa mapema kabla ya Idi.

Kaimati

Unga vikombe 2, hamira kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chakula, mtindi vijiko 2, maji vuguvugu karibu kikombe 1. Piga kwa mkono dakika tano mpaka mchanganyiko uvutike na uanze kutoa mapovu ya hewa. Uwe mzito kuliko uji, mwepesi kuliko donge. Kwa joto la Tanga, dakika 45 zinatosha kuumuka.

Shira yake ipike wakati unga unaumuka: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, ndimu kijiko 1 cha chai, iliki, na zafarani ukijaaliwa. Uzi mfupi tu, kisha epua.

Lowesha mkono, chota unga, ubane utokeze kati ya dole gumba na cha shahada, ukate kwa kijiko kilichochovywa maji, udondoshe kwenye mafuta. Zisukumesukume zizunguke zipate rangi pande zote. Zikitoka mafutani ziingie kwenye shira vuguvugu zingali moto, geuza mara mbili, toa. Ukiziacha humo zinywe zitalainika kama mkate uliolowa. Ziliwe siku hiyo hiyo.

Ubuyu

Ubuyu wenyewe una tindikali nyingi, kwa hiyo shira yake haigandi ikawa nyeupe. Inabaki na mng'ao na kunata kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Nunua nusu kilo ya ubuyu mweupe, usiokuwa na harufu ya ghala. Uchekeche kwanza, na ule unga unaodondoka uuweke kando, usiutupe.

Chemsha sukari kikombe 1 na nusu, maji kikombe 1, rangi nyekundu ya chakula nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, pilipili ya unga robo kijiko au zaidi kama unauthubutu. Ikifika uzi mmoja tia ubuyu, punguza moto, geuza dakika nne tano mpaka kila kokwa ivae rangi na chini ya sufuria pasiwe na shira inayotiririka. Epua, tia iliki, kisha nyunyiza ule unga ulioweka kando huku ukigeuza. Unga huo ndio unaoukausha nje na kuleta ule ukali wa kwanza ulimini kabla ya utamu. Wengi wanaouza siku hizi wanauruka, na ndiyo maana ubuyu wao ni sukari nyekundu tu. Tandaza sinia mpaka upoe. Watoto wadogo wasipewe, kokwa zake ni ngumu na zinaweza kuwakaba.

Sufuria iliyobaki

Ukimaliza, sufuria itakuwa imevaa sukari iliyokauka na utatamani kuchukua kisu. Usiikwangue. Bibi alikuwa akimimina maji vikombe viwili, anairudisha jikoni, na sukari yote inaachia yenyewe na kuwa maji matamu yenye harufu ya iliki. Humo alitia ukwaju uliolowekwa na kukamuliwa, anachuja, anaacha yapoe. Alitujazia kwenye vifuko vyembamba vya nailoni, anafunga fundo, anapeleka kwa jirani mwenye friji. Kesho yake tukitoka madrasa, tuliing'ata pembe ya kifuko na kufyonza barafu njia nzima.